Miaka Thelathini na Mitatu, Juzuu Saba

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa wasomaji katika ukumbi wa maktaba

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kunichagulia mada ambayo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi katika nyumba yoyote. Mmeniomba nieleze ilikuwaje nikatumia miaka 33, tangu 1988 hadi 2021, kusoma mfululizo wa vitabu saba ambavyo msomaji mwenye nafasi angevimaliza katika likizo moja ya mwezi wa sita. Sikupanga iwe hivyo. Vitabu vilikuwa adimu, fedha zilikuwa kidogo, na kazi ya ualimu haimwachii mtu jioni nyingi. Lakini nikitazama nyuma naona kwamba mwendo ule wa polepole ndio ulionifungulia vitabu vile, na kwamba kama ningevipata vyote siku moja ningevimaliza upesi na kukosa sehemu kubwa ya kilichomo. Sisemi hivyo kwa vitabu vyote duniani. Nasema hivyo kwa mfululizo huu, kwa sababu zilizomo ndani ya mfululizo wenyewe.

Mfululizo huo ni Foundation, wa mwandishi wa Marekani Isaac Asimov. Kwa faida ya wasiousoma, niseme kwa ufupi unahusu nini. Wanadamu wameenea katika galaksi nzima, sayari zipatazo milioni 25, chini ya Dola moja iliyodumu miaka 12,000. Makao makuu ya Dola ni Trantor, sayari ambayo yote imejengwa ikawa mji mmoja wa watu zaidi ya bilioni 40, wasiolima chochote, wanaolishwa na meli zinazotua kila siku kutoka sayari nyingine. Hapo anatokea mwanahisabati, Hari Seldon, mwenye elimu aliyoibuni inayoitwa saikohistoria, yaani hisabati ya mwenendo wa umati wa watu. Hesabu zake zinamwonyesha kwamba Dola inaanguka na haizuiliki, na kwamba baada yake kutakuwa na giza la miaka 30,000 kabla Dola ya pili haijasimama. Kuanguka hakuwezi kukwepwa. Kinachowezekana ni kulifupisha giza hilo liwe la miaka 1,000 tu. Kwa hiyo anapeleka wataalamu pembezoni kabisa mwa galaksi, kwenye sayari maskini isiyo na madini iitwayo Terminus, kwa kisingizio cha kuandika ensaiklopidia kubwa ya elimu zote. Jumuiya hiyo ya Terminus ndiyo inayoitwa Foundation. Kila baada ya miongo kadhaa watu wa Terminus wanakabiliwa na hatari ya kufutika, na kila mara kuna njia moja tu ya kupita, njia ambayo Seldon aliipigia hesabu kabla wao hawajazaliwa.

Juzuu ya kwanza niliinunua Dar es Salaam mwaka 1988, kwa muuza vitabu aliyetandika turubai kando ya barabara, siku moja kabla ya kupanda treni ya Reli ya Kati kwenda kuripoti kwenye kituo changu cha kwanza cha kazi. Nilivutwa na alama za penseli zilizokuwa pembeni mwa kurasa. Msomaji aliyenitangulia, ambaye hakuandika jina lake, alikuwa akizikagua hesabu za Seldon: ameandika 12,000, chini yake 30,000, chini yake 1,000, akapiga mstari na kuweka alama ya kuuliza. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kitabu ambacho mtu amekisoma akiwa na penseli mkononi nisingeweza kukiacha juu ya turubai.

Katika behewa la daraja la tatu nilisoma sehemu ya kwanza usiku na sehemu ya pili asubuhi. Sehemu ya pili inamhusu Salvor Hardin, meya kijana wa Terminus, ambaye mji wake hauna jeshi, hauna chuma, na umezungukwa na wafalme wadogo wanaoutaka. Mwisho wa sehemu hiyo Chumba cha Wakati kinafunguka kwa mara ya kwanza. Taswira ya Seldon, aliyekwisha kufa miaka mingi, inatokea ndani ya kizimba cha kioo, mzee ameketi kwenye kiti cha magurudumu na kitabu mapajani. Anawaambia waliokusanyika kwamba yeye hawaoni, wala hajui kama kuna mtu yeyote chumbani. Kisha anawaambia kwamba ensaiklopidia waliyoifanyia kazi miaka 50 ilikuwa kisingizio tangu mwanzo. Hatari ni hii, na namna ya kuikwepa iko wazi, anasema, kisha hasemi ni ipi. Hardin anatoka akijua la kufanya, na msomaji haambiwi. Treni ilikuwa inaingia Tabora nami niko kwenye mstari huo. Nilikifunga kitabu nikakitia sandukuni, na kwa sababu ya shule mpya, nyumba isiyo na taa, na vipindi 30 kwa wiki, sikukifungua tena mpaka miezi minane baadaye.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi hadithi hizi zilivyoandikwa, nikagundua kwamba pale Tabora nilikatiwa hadithi mahali palepale walipokatiwa wasomaji wa kwanza. Asimov alizaliwa Urusi, wazazi wake wakahamia Marekani mwaka 1923 akiwa mtoto mdogo, na alikulia Brooklyn katika maduka ya baba yake yaliyouza peremende na magazeti. Tarehe 1 Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 21 na mwanafunzi wa kemia, alikuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi ya New York akienda kumwona John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding Science-Fiction, na hakuwa na wazo lolote la kumpelekea. Alifungua kitabu cha michezo ya kuigiza alichokuwa nacho, macho yakaangukia picha ya malkia amepiga magoti mbele ya askari, mawazo yakaenda kwa askari, kwa madola, kwa Dola la Roma, na kufika kwa Campbell alikuwa na Dola ya galaksi inayoanguka. Hadithi ya kwanza ilitoka katika toleo la Mei 1942. Aliikatiza makusudi kwenye ule mstari, ili mhariri asiwe na budi kununua ya pili. Kisha yeye mwenyewe akakwama, asijue Hardin ametumia njia gani, mpaka alipozungumza na rafiki yake Frederik Pohl wakiwa wamesimama kwenye daraja la Brooklyn, ndipo akakwamuka. Kwa hiyo mwandishi aliondoka Chumba cha Wakati akiwa gizani kama wasomaji wake. Kila nikilifikiria jambo hilo nampenda zaidi.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka hadithi za mfululizo magazetini, na lile neno chini ya safu, itaendelea. Mnakumbuka pia kwamba wiki ile ya kungoja haikuwa tupu. Watu walijadiliana kibarazani, mmoja akashika hili na mwingine lile, na wahusika wakaendelea kuishi bila mwandishi wao. Hadithi nane za mwanzo za Foundation zilitoka kwa namna hiyo kati ya Mei 1942 na Januari 1950, nyingine mwezi mmoja baada ya mwenzake, nyingine baada ya miaka miwili, baadhi zikiandikwa wakati mwandishi akifanya kazi kama mkemia katika karakana za jeshi la wanamaji huko Philadelphia na vita vikiendelea. Vitabu vitatu vilivyotokana nazo vilichapishwa 1951, 1952 na 1953. Yaani kile tunachokishika leo kama riwaya kilijengwa na mapengo.

Na mapengo hayo yamo ndani ya hadithi vilevile. Hilo ndilo jambo kubwa nililokuja nalo leo, naomba mnivumilie nilikalie kidogo. Nilipokifungua kitabu baada ya miezi minane, nilikuta Terminus miaka 30 imepita. Hardin amezeeka. Sehemu inayofuata, amekwisha kufa. Inayofuata tena, amekuwa jina la kale, mtu ambaye vijana wanamtaja kwa misemo yake, hasa ule wa kwamba kutumia nguvu ni kimbilio la mwisho la mtu asiye na uwezo, bila kumjua alikuwa nani wala alisema hivyo akiwa amebanwa wapi. Msomaji anayekimbia kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa usiku mmoja anamkumbuka Hardin vizuri, anajua sigara yake na mzaha wake, na anawaona hawa vijana wa baadaye kama watu wasiojua historia yao. Mimi nilikuwa nimemsahau. Nilibaki na msemo mmoja na sura ya mtu mwenye maarifa, basi. Nilikuwa nimekuwa mmoja wa vijana wale. Nikahisi jinsi mtu halisi anavyogeuka kuwa methali, kwa sababu iliyonitokea mimi mwenyewe na mtu niliyekuwa nikimpenda miezi minane tu iliyopita.

Tangu hapo sikuwahi tena kurudi nyuma kujikumbusha kabla ya kuanza juzuu mpya. Najua wasomaji wengi makini watanipinga, na huko shuleni mimi mwenyewe nawafundisha wanafunzi kufanya marudio. Lakini katika Foundation kusahau ni sehemu ya maana. Mpango wa Seldon una masharti mawili. La kwanza, watu wawe wengi mno, kwa sababu hisabati yake ni kama ile ya gesi: chembe moja huwezi kuitabiri inaelekea wapi, lakini gesi nzima unaweza kuitabiri shinikizo lake na joto lake bila kukosea. Wanafunzi wangu nimewaeleza jambo hilo kwa daftari la mahudhurio. Sijui ni nani atakayechelewa Jumatatu ya mvua, na nikijaribu kumtaja nitamdhulumu mtoto wa watu. Lakini idadi ya watakaochelewa naweza kuiandika ubaoni kabla kengele haijalia, na mara chache hupishana na ukweli zaidi ya watoto wawili au watatu. Sharti la pili ni kwamba watu hao wasijue kilichotabiriwa, kwa maana wakijua watabadili mwenendo na hesabu itaharibika. Nami nasema msomaji pia ni mmoja wa watu hao. Anayezisoma hadithi zote kwa mfululizo akiwa na ramani yote kichwani anakaa upande wa Seldon. Anayezisoma kwa vipindi, akiwa amesahau nusu, anakaa Terminus, na huko Terminus ndiko hadithi iliko.

Juzuu ya pili niliipata mwaka 1994. Nusu yake ya kwanza ni nzuri, jemadari wa mwisho hodari wa Dola anakuja kuivamia Foundation, na aliyesoma habari za Belisarius wa Constantinople atamtambua mara moja. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nisilale. Anatokea mtu anayejiita kwa jina la yule mnyama azaliwaye na punda na farasi, ambaye mwenyewe hazai. Naomba nimwite Baghala, maana nikisema Nyumbu wengi wenu mtakwenda Serengeti. Baghala ana kipawa ambacho hakuna mwanadamu mwingine anacho, na kwa hiyo hayumo katika hesabu yoyote. Ni chembe moja inayoweza kusukuma gesi yote. Sitasema kipawa hicho ni kipi wala yeye ni nani, kwa kuwa naona humu kuna watakaokuja kukutana naye wenyewe.

Lakini ukurasa mmoja nitausimulia. Adui amekaribia Terminus, wakuu wote wamekusanyika katika Chumba cha Wakati, na kila mmoja ameshusha pumzi, kwa sababu Seldon hajawahi kukosea. Taa zinafifia, mzee anatokea kwenye kiti chake cha magurudumu, anafungua kinywa, na anaanza kueleza kwa utulivu ugomvi wa ndani baina ya serikali ya Foundation na wafanyabiashara wake. Chumba kizima kinasikiliza. Kisha mmoja anamgeukia mwenzake, na mwingine anainuka kitini. Ugomvi anaouzungumzia haupo. Ulikuwa karibu kutokea ukazimwa na ujio wa Baghala. Mzee anaendelea kuzungumza, kwa sauti ileile ya upole, habari za ulimwengu ambao haukutokea, na hawezi kuwasikia wanaomlilia, kwa maana amekwisha kufa karne tatu. Nilikuwa nimengoja miaka sita kumwona mzee yule tena. Nilikuwa nimemzoea kama watu wa Terminus walivyomzoea, nimejenga imani yangu juu yake kama wao, na pigo lilinipata kama lilivyowapata. Aliyemwona Seldon akipatia mchana na akamwona akikosea jioni ya siku hiyohiyo, sidhani kama analia.

Inasemwa, na Asimov mwenyewe alisimulia, kwamba wazo la kuuvunja Mpango lilikuwa la Campbell, na kwamba yeye alishtuka kuombwa hivyo. Hadithi ya Baghala ilitoka katika matoleo ya Novemba na Desemba 1945, wakati mwandishi ndio kwanza ameingizwa jeshini. Nadhani mhariri alikuwa sahihi kabisa. Mpango usiovunjika ungekuwa ratiba tu.

Sasa nifike kwenye juzuu ya tatu, ambako lilinipata jambo ambalo nimewahi kulisimulia kwa wachache. Mwaka 1997 niliiazima katika maktaba moja ya mkoani ambayo sitaitaja, kwa kuwa walionihudumia walinihudumia kwa wema. Ilikuwa nakala iliyochoka, mgongo wake umebandikwa gundi ya karatasi. Juzuu hiyo yote ni msako: Seldon aliacha Foundation mbili, ya pili imefichwa, nayo iko wapi? Msako unaanzishwa na Baghala na unamalizwa na kizazi cha baadaye, ambamo yumo msichana wa miaka 14, Arkady Darell, ambaye ni kiumbe hai kuliko wanaume wengi waliomtangulia katika vitabu hivi. Mwishoni kundi la wataalamu linaketi sebuleni usiku, kila mmoja ana jibu lake, moja baada ya jingine linakataliwa, mpaka linapatikana jibu linaloingia kila mahali kama ufunguo. Nilikifunga kitabu nikiwa nimeshiba. Nilikirudisha maktaba, nikawaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha sita, nikawaeleza walimu wenzangu, na tulilijadili jibu hilo mpaka tukalizoea.

Miaka minane baadaye, mwaka 2005, nikapata juzuu ya nne. Kurasa chache tu ndani yake nikaona mambo hayaafikiani. Nikadhani mwandishi, aliyekaa miaka 32 bila kuandika hadithi mpya ya Foundation, amesahau yake mwenyewe. Nilimkasirikia. Nikatafuta nakala nyingine ya juzuu ya tatu ili nithibitishe kosa lake, nikafungua mwishoni, na baada ya ule mstari wa mwisho niliokuwa nikiujua kulikuwa na sura nyingine. Sura niliyoishia mimi ilikuwa na kichwa kinachosema kwamba hilo ndilo jibu lililoridhisha. Iliyofuata ilisema kwamba hili ndilo jibu la kweli. Karatasi za mwisho za nakala ile ya maktaba zilikuwa zimetoka, na aliyebandika mgongo aliubandika bila kujua, na kwa kuwa sura ile inaishia pazuri, hapakuwa na kitu cha kumwambia msomaji kwamba bado.

Fikirini, ndugu zangu. Kitabu kinachohusu watu walioridhishwa na jibu lisilo la kweli, ili wasiendelee kutafuta, nami kwa miaka minane nimeridhishwa na jibu lilelile, na nimelifundisha. Nilikaa na nakala ile mpya mapajani mpaka maji niliyoyabandika jikoni yakakauka yote kwenye sufuria. Kisha nikafanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya: nilianza kuwatafuta wanafunzi wale wa 1997, mmoja mmoja, kwa simu na kwa barua, kuwaambia kwamba mwalimu wao aliwapa jibu lisilo sahihi. Wengine hawakukumbuka swali lenyewe. Mmoja, ambaye sasa ni mhandisi, alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi sikuliamini tangu siku ile."

Juzuu za nne na tano nitazipita haraka, kwa sababu kwangu si sawa na zile za mwanzo. Ya nne ilitoka 1982, ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, na kabla ya kuiandika Asimov alizisoma upya zile tatu. Alieleza kwa uaminifu kwamba alizisoma kwa wasiwasi, akingoja jambo litokee, na halitokei, ni watu wanaozungumza tu. Ni kweli, ni watu wanaozungumza. Lakini mimi nimekulia ambako mambo makubwa huamuliwa na watu walioketi wakizungumza, na sikuwahi kuona upungufu hapo. Upungufu nauona kwingine. Katika galaksi ya sayari milioni 25, zile juzuu za mwanzo zina watu wa lugha moja, na mtu wa kutoka ncha hii anaelewana na wa ncha ile bila mkalimani, jambo ambalo kwa sisi tunaovuka lugha tatu kabla ya kufika mnadani halimezeki. Wanawake ni wachache, kila chombo kinatumia atomu, na kila mkubwa anavuta sigara. Juzuu ya tano, ya 1986, nilianza kuisoma 2009 na nikaiacha katikati muda mrefu. Safari yake ni ndefu kuliko haja yake. Nilipoimalizia, sikujuta.

Vijana huniuliza waanzie wapi, kwa sababu juzuu mbili za mwisho kuandikwa, za 1988 na 1993, zinasimulia ujana na uzee wa Seldon, yaani habari zilizotangulia juzuu ya kwanza. Katika ile ya 1988 mwandishi mwenyewe aliorodhesha vitabu vyake kwa kufuata mpangilio wa nyakati za hadithi. Kwa heshima zote namkatalia. Anzeni na ile ya 1951. Seldon wa juzuu ya kwanza ni mzee tunayemwona kwa muda mfupi tu, kisha anakuwa taswira ndani ya kioo, na ukubwa wake wote unatokana na kwamba hatumjui. Ukimjua kwanza akiwa kijana anayekimbizwa huku na huko, akiogopa na kupenda, yule mzee wa kwenye kioo hatakutetemesha. Jueni kwanza jina, ndipo mje mumjue mtu. Hata sisi hatukuwajua babu zetu kwa njia nyingine.

Na juzuu ya saba inahitaji msomaji awe amekaa na jina hilo muda mrefu. Asimov alifariki New York tarehe 6 Aprili 1992, na kitabu kilitoka baada ya kifo chake. Mwaka 2002 mjane wake, Janet, alieleza hadharani jambo ambalo familia ilikuwa imelinyamazia miaka kumi: katika upasuaji wa moyo mwaka 1983 aliongezewa damu yenye virusi vya UKIMWI, na hicho ndicho kilichomuua. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa bado sijakipata kitabu. Humu ukumbini wako wengi wa umri wangu, sina haja ya kueleza miaka ile ya themanini na tisini ilikuwaje, wala kunyamaza kule kulikuwaje, matangazo ya msiba yanayosema "baada ya kuugua kwa muda mrefu" na watu wote kuinamisha macho. Nilizika walimu wenzangu wanne na ndugu yangu mmoja. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu aliyeandika juu ya Trantor alikuwa katika safu hiyohiyo.

Nilikisoma kitabu hicho 2021, kurasa chache kila usiku, na sikuweza kukisoma kwa namna nyingine. Seldon yumo ndani yake akizeeka, sehemu baada ya sehemu, miaka kumi hivi kila mara. Mkewe anaondoka, mwanawe wa kulea anaondoka, rafiki zake wanaondoka. Mji wa Trantor unaharibika kwa vitu vidogo: taa zisizotengenezwa, vibaka wanaovamia wazee njiani, makarani wanaokataa. Yule mtu aliyepiga hesabu ya miaka 30,000 anapita ofisi hadi ofisi akiomba fedha za kuendeshea kazi yake, na anajua kwamba hataona hata mwaka mmoja wa kile anachokijenga. Mwisho anakutwa amefariki juu ya meza yake ya kazi. Haya yaliandikwa na mgonjwa aliyejua anaumwa nini. Mpango wa miaka 1,000 wenyewe aliuacha katikati, kwa kuwa juzuu ya tano inaishia karibu na mwaka wa 500, na nusu iliyobaki yeye hakuisimulia.

Nimeulizwa na Mwenyekiti kabla ya kupanda hapa kwamba sasa nasoma nini. Januari nimeanza tena juzuu ya kwanza, nakala ileile ya turubai, ambayo karatasi zake zimekuwa za kahawia na inabidi nizifungue kwa viganja viwili. Alama za penseli za yule msomaji aliyenitangulia bado zinasomeka. Zinaendelea mpaka sehemu ya nne, zinapungua, kisha zinakoma katikati ya ukurasa, na sijui kama alikiuza kitabu kabla ya kukimaliza au alichoka kuandika tu. Wiki iliyopita nimeupita ukurasa huo. Niko kwenye kesi ya mfanyabiashara Hober Mallow, katika sehemu ya tano.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.